Kisa cha Mteja Huandikwa Kabla ya Mashine Kufungwa

Kando ya barabara nyingi za Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa hadi Mbozi na Rukwa, msafiri hukutana na vibao vidogo vilivyochomekwa ukingoni mwa mashamba ya mahindi. Kibao huonyesha jina la mbegu, tarehe ya kupanda, mbolea iliyotumika na, mara nyingi, jina la mwenye shamba. Hilo ni shamba darasa. Mkulima hupanda sehemu moja kwa mbegu na ushauri wa kampuni, na sehemu ya pili kwa mazoea yake, udongo uleule, mvua ileile. Siku ya wakulima ikifika, majirani huja, humenya mahindi kwa mikono yao na kumbana mwenyeji kwa maswali ambayo hawangemuuliza ofisa wa kampuni: umepalilia mara ngapi, imekugharimu kiasi gani, na mwakani utainunua mbegu hii kwa pesa yako mwenyewe?

Kampuni za pembejeo zimeendelea na vibao hivyo mwaka hadi mwaka kwa sababu vinauza. Lakini ukiingia mjini, kwa wauzaji wa programu za hesabu, mashine za kusaga, huduma za usafirishaji au umeme wa jua, hali ni nyingine kabisa. Kipeperushi kimejaa "huduma bora", "bei nafuu" na "tunajali wateja wetu". Maneno hayo yapo kwenye kipeperushi cha mshindani pia, kwa hiyo hayamsaidii mnunuzi kuchagua.

Anayenunua kwa ajili ya biashara ana hofu ambayo anayejinunulia shati hana. Shati lisipomfaa atamgawia mdogo wake. Meneja aliyeidhinisha mfumo wa milioni 30, ukagoma kufanya kazi, atatoa maelezo mbele ya bosi, mbele ya mhasibu na pengine mbele ya bodi. Ndiyo maana swali lake la kwanza, hata asipolitamka, ni hili: mmemfungia nani mwingine, na ilikuwaje?

Kisa cha mteja ndicho jibu. Ni maelezo ya mteja mmoja halisi: tatizo alilokuwa nalo, alichojaribu kabla, alichonunua, kazi ilivyokwenda pamoja na vikwazo vyake, na kilichobadilika kwa kipimo kinachoweza kukaguliwa. Sentensi moja ya kusifu ni ushuhuda tu, na mahali pake ni kwenye bango. Meneja anayelinda kazi yake anataka zaidi ya hapo.

Kipimo ndicho kiini cha yote, na mfano mzuri wa hilo una umri wa karne mbili na nusu. Mwezi Machi 1776, injini ya mvuke ya James Watt ilianza kazi katika mgodi wa makaa wa Bloomfield, huko Tipton, Uingereza. Yeye na mshirika wake Matthew Boulton walikuwa wakilenga hasa wenye migodi ya shaba na bati wa Cornwall, ambako makaa ya mawe yaliletwa kwa meli na kuuzwa ghali. Migodi hiyo ilikuwa tayari na injini za kuvutia maji za aina ya Newcomen, zilizokula makaa mengi mno. Boulton na Watt walimwendea mwenye mgodi na pendekezo la wazi: utulipe theluthi moja ya thamani ya makaa utakayookoa.

Pendekezo hilo lilimlazimu kila mmoja kujua kwa hakika injini ya zamani ilikuwa ikila kiasi gani. Hesabu ya makaa kwa kazi fulani ikafanywa, kisha kifaa cha kuhesabu mapigo kikafungwa kwenye injini mpya ili kazi yake ijulikane. Baadaye wenye migodi walilalamikia malipo hayo na mivutano ikawa mingi, lakini hata mivutano hiyo ilikuwa juu ya namba. Kila mgodi uliofungiwa injini ukawa ushahidi kwa mgodi wa jirani.

Hapa ndipo visa vingi vya wateja vinapofia siku hizi. Ofisa masoko humpigia simu mteja baada ya mwaka na kumuuliza biashara inaendeleaje tangu achukue mfumo wao. Anajibiwa kwamba inaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Mteja hasemi uongo, ila hakuna aliyeandika hali ilivyokuwa kabla. Mwaka mzima wa kazi nzuri unaishia kwenye sentensi isiyomshawishi mtu.

Dawa yake ni karatasi moja, inayojazwa siku ya makubaliano, kabla fundi hajafungua boksi. Iwe na maswali manne au matano tu, na yatokane na kazi ya mteja. Kwa mashine ya kusaga: inasaga magunia mangapi kwa saa, inakula uniti ngapi za umeme au lita ngapi za dizeli kwa gunia, na imesimama siku ngapi mwezi uliopita. Kwa msafirishaji: mzigo unachukua siku ngapi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, na katoni ngapi hufika zimepasuka. Kwa muuzaji wa umeme wa jua: jenereta inakula mafuta kiasi gani kwa wiki. Fundi apige picha ya daftari, ya mita, ya stakabadhi za mafuta. Vipimo hivyohivyo virudiwe baada ya mwezi mmoja, kisha baada ya miezi sita.

Mlinganisho nao una mitego. Duka la nguo likifungiwa mfumo Oktoba, mauzo ya Desemba yatapanda hata mfumo ungekuwa wa ovyo. Mashine ya kusaga huwa na foleni baada ya mavuno. Biashara ya vyakula hubadilika Ramadhani. Kwa hiyo Desemba ilinganishwe na Desemba iliyotangulia, na msimu na msimu wake. Mteja mwenye matawi mawili ni hazina kubwa zaidi: tawi moja lianze kutumia huduma mpya, la pili liendelee kwa miezi miwili kama kawaida. Huo ndio utaratibu wa shamba darasa, na mtaalamu wa hesabu atauheshimu kama mkulima anavyouheshimu.

Kuhusu mteja wa kuchagua, wengi hukimbilia jina kubwa: benki, kiwanda cha bia, wizara. Jina kubwa linapendeza ukutani, ila mwenye duka la jumla haoni linamhusu nini. Anayefaa ni yule anayefanana na wanunuzi wanaotafutwa sasa: ukubwa uleule, mji wa aina ileile, tatizo lilelile. Kama kampuni inataka wenye mashine za kukoboa mpunga wa Kahama na Mbarali, kisa cha mkoboaji mmoja wa Shinyanga kitafanya kazi kuliko cha kiwanda kikubwa cha Nairobi. Visa vitatu vya wateja wa aina tatu vinatosha kuanzia, na ni hatari kutegemea kimoja, maana mteja huyo anaweza kufunga biashara au kuhamia kwa mshindani.

Mahojiano yanahitaji subira kuliko ufundi. Yafanyike mahali pa kazi, mashine ikiunguruma na wateja wakiingia, na yarekodiwe kwa ruhusa. Mwenye biashara ahojiwe, lakini asihojiwe peke yake. Karani anayebonyeza mfumo huo kutwa, au dereva anayebeba mzigo, anajua mambo ambayo bosi hayajui. Maswali yasiwe ya kuomba sifa. "Unaipendaje huduma yetu?" huleta adabu. Afadhali kuuliza: Kabla ya hapo ulikuwa unafanyaje? Siku mbaya kabisa ilikuwaje? Nani nyumbani au ofisini alipinga ununuzi huu? Wiki ya kwanza nini kilikwama? Na swali lenye faida kuliko yote: nini kilikaribia kukufanya usinunue? Jibu la swali hilo ni hofu ileile aliyonayo mnunuzi anayefuata, na mteja aliyeivuka ndiye mwenye haki ya kuizungumzia.

Anayesikiliza vizuri anaweza kugundua kwamba bidhaa yake inauzika kwa sababu ambayo hakuipanga. Safaricom ilipoijaribu M-Pesa mwaka 2005, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, kwa wateja wasiofika 500, lengo lilikuwa kurahisisha urejeshaji wa mikopo. Watu wakaitumia kwa mambo yao: wakatumiana pesa wao kwa wao, wakawatumia ndugu, wakalipana kwa kazi. Wasimamizi wa jaribio waliliona hilo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ujumbe wa matangazo ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Marejesho ya mikopo hayakutajwa. Ujumbe huo ulitoka kwenye mwenendo wa wateja, na kila aliyekuwa Nairobi huku mama yake yuko Siaya au Kitui aliuelewa papo hapo.

Tuchukue mfano wa kubuni, tuutazame kwa karibu. Kampuni changa ya Dar es Salaam inauza programu ya kutunza hesabu za duka. Mteja wake ni mwenye duka la jumla la vyombo vya nyumbani Kariakoo, mwenye wafanyakazi sita na stoo mbili. Andiko la kwanza la ofisa masoko linasomeka hivi: "Baada ya kuanza kutumia mfumo wetu wa kisasa, duka hili limepata mafanikio makubwa, ufanisi umeongezeka na mmiliki amefurahishwa sana na huduma zetu." Hapo hakuna duka, hakuna mtu, hakuna kilichotokea.

Andiko la pili, lililoandikwa baada ya kukaa dukani asubuhi nzima, linasema kwamba zamani kuhesabu mzigo kulichukua siku mbili, Jumamosi na Jumapili, duka likiwa limefungwa na wafanyakazi wakilipwa posho. Madeni yaliandikwa kwenye daftari la jalada jeusi lililokaa chini ya kaunta, na lilipolowa kwa mvua kurasa kadhaa hazikusomeka tena. Wiki mbili za kwanza za mfumo zilikuwa ngumu: bidhaa ziliingizwa mara mbili kwa majina tofauti, "sufuria namba 4" na "sufuria no. nne", na hesabu zikagoma. Kampuni ikamtuma kijana wake akakaa stoo siku tatu kusafisha orodha. Sasa mzigo unahesabiwa kwa saa nne jioni moja, duka halifungwi, na kila deni lina tarehe na namba ya simu. Mwenye duka anamalizia kwa kauli yake: "Mwezi uliopita nimekwenda msibani Moshi siku nne, kila usiku nikiangalia mauzo kwenye simu. Zamani nikisafiri, nafunga."

Kauli ya msiba ndiyo itakayobaki kichwani mwa mfanyabiashara mwenzake. Hakuna ofisa masoko ambaye angeibuni. Na ile aya ya "sufuria no. nne", ambayo kampuni nyingi zingeifuta kwa haraka, ndiyo inayokifanya kisa chote kiaminike, kwa sababu kila aliyewahi kufunga mfumo mpya anajua wiki za kwanza huwa hivyo. Ikionyeshwa tatizo lilitokea na likashughulikiwa vipi, mnunuzi anapata habari aliyokuwa akiitafuta: nikikwama, hawa watakuja?

Namba nazo zizungumze lugha ya mfuko wa msomaji. Kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza mitambo midogo ya jua nchini Kenya mwaka 2012, haikumweleza mwanakijiji wati. Mteja alitoa malipo ya awali, kisha kiasi cha shilingi 40 hadi 50 kwa siku kupitia M-Pesa kwa takriban mwaka mmoja. Kwa familia iliyokuwa ikinunua mafuta ya taa kila siku, mlinganisho ulikuwa rahisi kuufanya jikoni: pesa ya taa ile, pesa ya taa hii, na mwisho wa mwaka mtambo ni wako. Anayeuza kwa kampuni afanye vivyo hivyo. Mhasibu aandikiwe gharama kwa mwezi, fundi mkuu aandikiwe saa za mashine kusimama, ofisa ununuzi aandikiwe muda wa kufikishiwa vipuri. Kisa kimoja kinaweza kuwa na mstari mmoja kwa kila mmoja wao, maana katika kampuni uamuzi haufanywi na mtu mmoja.

Kuna jambo ambalo vitabu vya masoko vya ng'ambo haviligusi na huku linazuia visa vingi kuchapishwa. Mfanyabiashara wa kwetu haogopi kusema mfumo ni mzuri. Anaogopa kutaja mauzo yake. Anawaza mamlaka ya kodi, TRA au KRA, anawaza mshindani wa duka la pili, anawaza shemeji atakayekuja kukopa, na wengine wanaogopa husuda waziwazi. Hofu hiyo iheshimiwe. Karibu kila kisa kinaweza kusimama bila shilingi ya mauzo: saa zilizookolewa, asilimia ya mzigo uliopotea, siku za kusubiri, lita za mafuta. Wateja wakihakikishiwa hilo mwanzoni, wengi hukubali.

Ruhusa yenyewe iwe ya maandishi, na hapa sheria imebadilika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Hizi si sheria za kabatini. Mwezi Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data wa Kenya ilitangaza faini ya shilingi 1,850,000 dhidi ya ukumbi mmoja wa burudani wa Nairobi uliotundika mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Karatasi ya ruhusa itaje kinachotumika (jina, picha, sauti, namba), kitatumika wapi, kwa muda gani, na kwamba mteja anaweza kuiondoa ruhusa hiyo. Wafanyakazi wanaoonekana pichani nao waulizwe. Kisha mteja apelekewe andiko lote alisome kabla halijatoka. Atakachokifuta kifutwe bila ubishi.

Malipo ni suala nyeti. Mteja aliyepewa punguzo ili aseme vizuri hawezi kuwa shahidi huru, na ikigundulika, visa vingine vyote vinaingia doa. Kama kuna punguzo au kifaa cha bure, kielezwe ndani ya kisa chenyewe. Kubuni mteja asiyekuwepo, au kumwekea mteja maneno mdomoni, ni udanganyifu, na sheria za ushindani za Tanzania na Kenya zinakataza kumpotosha mnunuzi.

Tarehe isisahaulike. Mwaka 2001 Jim Collins alitoa kitabu chake Good to Great, kilichosifu kampuni 11 za Marekani kwa kupanda kutoka wastani hadi ubora. Miongoni mwao zilikuwemo Circuit City na Fannie Mae. Mwaka 2008 ya kwanza iliomba ulinzi wa mufilisi na ya pili ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali. Kisa cha mteja kinaeleza kipindi fulani, kwa hiyo kionyeshe mwezi na mwaka wa kila namba, na kipitiwe upya angalau mara moja kwa mwaka. Mteja akiwa ameacha kutumia huduma, kitolewe siku hiyohiyo.

Kikishakamilika, kisa kisifungiwe kwenye tovuti. Ukurasa mmoja wa PDF unaofunguka haraka kwenye simu ya kawaida utumwe kwa WhatsApp siku mnunuzi anapouliza bei. Dakika moja ya video, mteja akisema kauli yake moja nzito, na maandishi chini kwa wanaotazama bila sauti. Kwenye maonyesho ya Sabasaba au Nane Nane, ambako kila banda lina spika na kipeperushi, mteja mwenyewe akaribishwe bandani kwa saa mbili, watu watamzunguka. Kwenye zabuni, ambako uzoefu wa kazi zinazofanana hudaiwa kwa uthibitisho, vipimo vilivyotunzwa pamoja na barua ya mteja huwa tayari bila kuhangaika usiku wa mwisho. Na muuzaji wa kampuni asitume visa vyote kwa kila mtu. Mwenye hoteli apewe cha hoteli.

Njia yenye nguvu kuliko zote ni simu. Mnunuzi anayesitasita aambiwe: huyu hapa, ameruhusu tukupe namba yake, mpigie sisi tusipokuwepo. Mteja asisumbuliwe kwa hilo zaidi ya mara moja au mbili kwa mwezi, na kila mara aulizwe kwanza.

Msomaji mwenye biashara, wateja unaowahudumia wiki hii ndio wa kuanza nao. Chagua watatu, andaa ile karatasi ya maswali manne, na uijaze pamoja nao kabla ya kufunga chochote. Weka tarehe ya kurudi baada ya miezi sita kwenye kalenda ya fundi na ya ofisa masoko, na urudi hata kama unahofia majibu.